Mwaka Niliosoma kwa Sauti

Miaka hii miwili nimesoma vitabu vingi kuliko miaka yote kumi na mitatu niliyofanya kazi ofisini. Sababu yenyewe si ya kujivunia. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini na mizani zao, pamba yetu ikapungua. Pamba ilipopungua barua nazo zikapungua, na barua zilipopungua ikaonekana wapiga chapa tumezidi. Tulikuwa watano, wakabaki wawili. Mimi nilirudi nyumbani Igoma na kikombe changu cha chai, kanga niliyokuwa nikijifunika miguu wakati wa baridi, na riwaya moja ya upelelezi iliyokuwa kwenye droo. Nilikuwa nimefika ukurasa wa sitini.

Riwaya ile niliimaliza siku hiyohiyo, nimeketi kwenye kigoda uani, viatu vya ofisini bado viko miguuni. Mume wangu, ambaye ni fundi seremala na ana banda lake kando ya barabara ya Musoma, alirudi mchana akanikuta hivyo. Aliingia jikoni akapasha moto maharage, akaniletea sahani, akarudi kazini.

Wakati huo nilikuwa mtu wa upelelezi tu. Nilipenda vile vitabu vyembamba vya Kiswahili, vya karatasi ya kijivu inayochafua vidole, ambavyo vikifika kwako vimeshapita mikono ya watu kumi na kila mmoja ameacha alama yake: huyu tone la mchuzi, yule hesabu ya shule pembeni mwa ukurasa. Nilivipenda kwa sababu mwishoni unaambiwa. Unajua nani alifanya nini na kwa nini. Mwaka ule mimi nilikuwa na maswali mengi yasiyo na wa kuyajibu, na nadhani ndiyo maana nilivisoma kimoja baada ya kingine kama mtu anayetafuna karanga.

Vikiisha nilikwenda mjini. Karibu na soko kulikuwa na watu wanaotandika magunia chini na kupanga vitabu juu yake, na miaka hiyo vitabu vya Kiingereza vilikuwa vimeanza kuja pamoja na marobota ya mitumba. Vilikuwa na mihuri ya maktaba za mbali, za miji ambayo sikuweza hata kuitamka. Nilijaribu kuvisoma kwa msaada wa kamusi. Kimoja kilihusu familia inayoishi kwenye shamba la kondoo wakati wa ukame, na nilikipenda sana, ila kurasa za mwisho hazikuwepo. Nilimrudia muuzaji. Akakitazama kitabu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba hata yeye alikikuta hivyo. Ilibidi niwamalizie mwenyewe watu wale mambo yao. Niliwapa mvua.

Ili nyumba iende nilikuwa nashona sare za shule. Vitambaa nilinunua Makoroboi, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye familia yao ilikuwa mjini hapa tangu babu yake. Alikuwa na tabia ya kusoma akiwa amekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya meza, riwaya za Kigujarati zenye picha za wanawake kwenye jalada, na mteja akiingia alichomeka kidole ukurasani asipotee. Siku moja nilimuuliza kitabu kile kinahusu nini. Alinieleza hadithi nzima huku akinipimia kaki, na alipofika mahali pa huzuni alisimamisha mkasi. Tangu siku hiyo tukawa tunaulizana. Yeye alitaka kujua wapelelezi wangu wamefikia wapi, mimi nilitaka kujua wanawake wake wameolewa au la.

Mwaka jana, alipokuwa akisafisha kabati la marehemu mumewe, aliniwekea vitabu vinne vya Kiswahili kwenye mfuko. Kimoja kilikuwa cha mapishi, kimoja cha ufugaji wa kuku, kimoja mashairi ya mtu ambaye sikupata kumsikia. Cha nne kilikuwa kitabu cha kufundisha kuandika barua. Mumewe alikinunua alipokuwa kijana, anajifunza kuwaandikia wateja wa Sengerema na Geita. Kilikuwa na mifano ya barua za kila aina na kila tukio, na pembeni yule kijana alikuwa ametia alama za penseli kwenye maneno magumu. Nilikiweka chini kabisa ya vingine. Nilijua kuandika barua, nilikuwa nimeziandika miaka kumi na mitatu.

Mwezi uliofuata mama mkwe akaja kutoka Magu.

Nikimsimulia mama mkwe lazima niseme kwanza kwamba hatukuwa maadui. Hatukuwa na neno baya kati yetu. Kwa kweli hatukuwa na maneno mengi ya aina yoyote. Yeye ni Msukuma wa shambani, Kiswahili chake cha mnadani. Mimi ni mtu wa Ukerewe, na Kisukuma nilichokuwa nacho kilitosha kusalimia na kukaribisha chakula. Kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa yangu tulikuwa tumesalimiana vizuri sana. Nikipiga goti nikasema shikamoo mama, anaitika marahaba, anauliza watoto, anauliza mvua, basi. Anaanza kumenya viazi. Nami naanza kumenya viazi.

Safari hii alikuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili, la kulia zaidi, na daktari alisema wataanza na hilo. Kabla ya upasuaji alikaa kwetu wiki tatu akisubiri zamu. Alikuwa haoni vizuri lakini aliona vya kutosha kujua kwamba mkwe wake, saa nane mchana, vyombo vikiwa vimeoshwa na cherehani imetulia, anachukua kitabu. Hakunisema mimi. Alimwambia mwanawe, kwa Kisukuma, nami nikiwa hapo hapo, na nikaelewa: mtu mzima anakaa na karatasi, kwani kazi zimeisha? Mume wangu alimjibu kwamba hiyo nayo ni kazi. Hakuamini, na kusema kweli mimi mwenyewe sikuamini.

Alilazwa wiki moja. Aliporudi alikuwa na kikinga cha plastiki juu ya jicho na masharti marefu. Asiiname, asinyanyue ndoo, asikae penye moshi, asilime, asilie. Mwanamke ambaye tangu utotoni hajawahi kukaa mchana bila kitu mkononi sasa aliambiwa akae. Nilimwekea godoro kwenye chumba ninachoshonea, kwa sababu ndicho chenye hewa, na tukawa tunashinda pamoja, mimi na cherehani, yeye na ukuta. Siku ya tatu niliona vidole vyake vikitembea juu ya shuka kama vinachambua mchele.

Mchana huo nilichukua kitabu kama kawaida. Nina mazoea ya kusoma nikichezesha midomo, nilidhani haoni. Baada ya muda akaniuliza, kwa Kiswahili:

"Kwani wanasemaje humo?"

Nilitaka kusema ni hadithi tu, mama. Badala yake nikarudi mwanzo wa sura, nikaanza kusoma kwa sauti.

Ilikuwa ya upelelezi. Alinisikiliza amelala chali, mikono kifuani. Nilisoma polepole, na pale Kiswahili kilipokuwa kigumu nilitafuta neno la Kisukuma, nikilikosa nilieleza kwa mzunguko, na mara nyingine alinipa yeye lile neno. Nilipofunga sura ya kwanza aliuliza kama yule mpelelezi hana kwao. Nilisema haijaandikwa. Akauliza nani anamkamulia ng'ombe wake maana kila siku yuko barabarani. Nikasema labda hana ng'ombe. Akasema mtu asiye na kwao wala ng'ombe ndiyo maana anahangaika na mambo ya watu. Nilicheka mpaka mguu ukakanyaga cherehani na uzi ukakatika. Aliniachia nicheke, na nikaona naye mdomo umetaka kucheka, ila daktari alikuwa amekataza kutikisika.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mpaka watoto warudi kutoka shule, nilimsomea. Upelelezi haukumpendeza. Mwuaji alimjua mapema, akasema wazi ni yule ndugu anayelia kuliko wote msibani, na ilikuwa hivyo. Baada ya hapo akaona hakuna haja ya kuendelea. Nilimletea riwaya ya mapenzi niliyoazima kwa jirani. Hiyo ilinitia aibu. Zilipokuja sehemu ambazo mkwe hamsomei mama mkwe, niliruka kurasa, naye akaniuliza mbona yule msichana mara ana mimba na hujasoma lolote. Nikasema ukurasa umechanika. Alisema huenda ni heri. Kitabu cha kuku alikisikiliza kwa makini na kukisahihisha karibu kila aya. Alisema aliyeandika amefuga kuku wa kwenye picha.

Vikaisha. Nikakumbuka kile cha barua.

Nilianza kwa kumwomba radhi kwamba hiki hakina hadithi, ni mifano tu. Nikamsomea barua ya kwanza, ya kijana aliyepata kazi mbali, anamwandikia mama yake kumjulisha amefika salama. Ilikuwa fupi, ya heshima, imeanza na salamu sana na kumalizika na wako mtiifu. Nilipofika mwisho akabaki ananisubiri.

"Mama yake alimjibu nini?"

Nilimwambia jibu halimo. Kitabu kinafundisha kuandika tu, si kujibu. Hilo hakulikubali. Alisema mtoto hawezi kuandika amefika salama halafu mama anyamaze. Huyo ni mama gani? Akaanza kujibu yeye. Alimwambia kijana yule habari za nyumbani moja moja: mpunga wa bondeni umechanua, nyati wamewahi kuonekana ng'ambo ya mto lakini wamerudi, shangazi yako mguu umepona, usilale na nguo mbichi, watu wa huko ukiwaona wanacheka sana usiwaamini upesi. Alizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza akasema soma nyingine.

Kitabu kile kilituchukua wiki tano. Barua ya mwanafunzi kwa mwalimu, ya mpangaji kwa mwenye nyumba, ya mchumba anayevunja uchumba kwa adabu, zote alizijibu. Kwa sauti ya mwenye nyumba alimjibu mpangaji kwa ukali. Kwa niaba ya yule binti aliyeachwa na mchumba alitoa jibu la maneno matano tu, ambalo sitaliandika hapa, na nililirudia kwa mama wa duka la vitambaa akaweka mkasi chini akapiga makofi. Yeye mama wa duka alitaka kila wiki nimletee majibu mapya. Alisema mumewe alikisoma kitabu kile miaka mingi bila kufikiri kwamba kuna mtu upande wa pili.

Katikati hivi ilikuwepo barua ya mume aliye kwenye kazi ya mkataba, anamwandikia mkewe kijijini. Hiyo hakuijibu. Nilidhani amesinzia. Baadaye akaniambia jambo ambalo hata mume wangu, mwanawe wa kuzaa, hakuwa analijua.

Alipokuwa mke kijana, na mtoto mmoja mgongoni, mumewe alikwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba wa miaka miwili. Aliandika. Barua zilifika kwa katekista wa kijiji, ndiye aliyejua kusoma, na katekista aliwaita wenye barua baada ya ibada akawasomea mbele ya watu. Kisha unamwambia jibu naye anaandika. Mama mkwe alikuwa anakwenda na maneno aliyoyaandaa wiki nzima shambani. Mtoto ameota meno mawili ya chini. Nimehama kitanda, nalala upande wako. Nimeota umerudi huna kidole, je, vidole vyako ni vizima? Yule katekista alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, na karatasi ilikuwa adimu.

"Nilisema maneno mengi," akaniambia, "yeye akaandika hatujambo."

Alilijua hilo siku mumewe aliporudi. Alimuuliza kuhusu kile kidole, na mumewe hakuelewa anauliza nini. Mume akafungua sanduku, akatoa barua zote tano alizopokea, akampa mtu mwingine azisome. Zote zilisema hatujambo, mtoto hajambo, tunakusalimu.

Nilizima taa ya cherehani. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na mitatu nikipiga chapa barua za watu, na kazi niliyosifiwa zaidi ilikuwa kufupisha. Bosi akisema nusu saa nzima, mimi natoa mistari sita. Nikamwambia, mama, ukitaka kuandika barua siku yoyote, mimi nitaandika kila neno.

Alikaa siku mbili bila kulitaja jambo lile. Siku ya tatu aliniambia nichukue karatasi. Alitamka balua, kama kawaida yake, na nilifurahi kulisikia hivyo.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa mdogo wake, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, karibu na Kamanga. Mume wangu alikuwa ameniambia siku nyingi kwamba nisiulize habari za mama mdogo huyo. Baba mkwe alipofariki, miaka tisa nyuma, mama mdogo hakuja kuzika. Hakuja siku ya mazishi, hakuja siku ya kuanua matanga, hakutuma mtu. Tangu hapo mama mkwe hakumtaja, na wote nyumbani wakafuata.

Kwanza alinitaka nitafute kwenye kitabu barua inayofaa. Nilimsomea ile ya kuomba radhi kwa uliyemkosea. Alisema hapana, sijamkosea. Nikamsomea ya malalamiko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo ilikuwa nzuri zamani, miaka mitano iliyopita angeituma hiyo. Nikamsomea ya kumwalika ndugu kwenye sherehe, akasema hana sherehe. Basi nikafunga kitabu, nikamwambia aseme tu, kwa Kisukuma au Kiswahili, vyovyote vitakavyokuja. Alisema siku nzima ile na kesho yake nusu. Nilijaza kurasa nane. Aliposimama kunywa maji niliandika hata kwamba amesimama kunywa maji, na nilipomsomea hapo alisema sawa, liache, ajue.

Sehemu kubwa ni habari za watu wao, na si zangu kuzitoa. Lakini palikuwa na mahali panasema hivi: "Walinifungua kitambaa hospitali. Cha kwanza kukiona ni nesi, msichana mdogo, alikuwa ananicheka, na ana mwanya kama wako. Nikasema kumbe nimekuwa kipofu miaka mingi sijauona mwanya huo. Sikuulizi kwa nini hukuja. Nataka nikuone kabla jicho halijachoka tena."

Nilidhani tutaipeleka posta au kumpa mtu anayevuka. Alikataa. Alisema aliyeandika ndiye atakayesoma, asije mtu mwingine huko akasoma hatujambo. Kwa hiyo Jumamosi moja niliacha sare za watu mezani, nikateremka mjini, nikapanda kivuko cha asubuhi, barua ikiwa ndani ya kitabu cha barua ili isikunjike. Ziwa lilikuwa tulivu. Karibu yangu alikaa mzee na mbuzi wawili, na mbuzi mmoja akajaribu kula kona ya jalada. Nilikifunika kwa kanga.

Sikupata shida kumwona mama mdogo. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kivukoni, kila niliyemuuliza alinielekeza. Alikuwa amekaa mlangoni anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya mkeka, na kabla sijajitambulisha nilijua ni yeye, kwa jinsi vidole vilivyokwenda. Nilipiga goti, nikamsalimu, nikamwambia mimi ni mke wa nani. Uso wake ulifunga kabisa. Aliniuliza nani amekufa.

Nikasema hakuna aliyekufa, nimeleta barua.

Alinipa kiti. Yeye hakukaa kwenye kiti, alibaki pale kwenye mkeka, ananipa ubavu, akaendelea kugeuza michembe. Nikasoma. Mwanzoni nilisoma haraka, kisha nikakumbuka nani alikuwa na haraka, nikapunguza. Nilipofika pale pa nesi mikono yake ikasimama.

"Soma tena hapo pa mwanya."

Nikasoma tena. Aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoondoa mkono akanionyesha. Jino moja la mbele halikuwepo. Lilikuwa limetoka, alisema, mwaka juzi. Mwanya ulikuwa umekuwa mlango. Akacheka, halafu ndipo akalia kweli, akajifuta kwa ncha ya kanga yake, na unga wa michembe ukabaki shavuni.

Nilipomaliza kurasa zote nane aliniambia niandike. Sikuwa na karatasi. Mwishoni mwa kitabu kulikuwa na kurasa tupu, ambazo zamani ziliachwa kwa mwanafunzi kufanyia mazoezi, na yule kijana wa duka hakuwa amezitumia. Niliandika humo. Jibu lake halikuwa refu. Alisema mtu aliyepewa taarifa ya msiba avuke nayo alikaa nayo wiki tatu, alikuwa na mambo yake. Ilipomfikia, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Alifunga mzigo wake, akafika mpaka kivukoni, akasimama. Alijiambia kama wangemhitaji wangetuma mtu wa kweli. Akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata ilikuwa vigumu zaidi, na uliofuata zaidi. Aliniambia niandike pia kuhusu jino, na niandike kwamba atakuja baada ya kuuza michembe.

Jioni hiyo nilimsomea mama mkwe kabla sijavua viatu. Alisikiliza ile habari ya kusimama kivukoni mpaka mwisho. Akaniomba nirudie. Mara ya pili akageukia ukuta, nami nikamkumbusha daktari alisema asilie. Akaniambia daktari huyo hana dada.

Mama mdogo alikuja wiki mbili baadaye, Jumapili, na kapu kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa. Hayakuwepo. Walishikana mikono kwa muda mrefu mlangoni wakiulizana habari za kila mtu, ukoo mzima, kwa zile salamu za Kisukuma zisizokwisha. Kisha mama mkwe akavaa miwani yake mipya, mizito kama chupa, akamshika mdogo wake kidevu, akamwambia afungue mdomo. Alitazama. Akasema, basi sasa tumezeeka wote. Wakaingia ndani kumenya viazi.

Alikaa kwetu siku kumi na mbili. Mchana nilisoma, sasa kwa wasikilizaji wawili, na mambo yakawa magumu kwa sababu mama mdogo aliona barua hazina maana, watu hawatembei, wanakaa tu wanaandika. Yeye alitaka upelelezi. Aliutaka kwa sauti ya juu, na mahali pa hatari alinishika mkono. Dada yake alikuwa anamwambia mapema nani mwuaji, wakagombana kwa hilo kama wasichana, na siku moja mama mdogo alihamia jikoni na kigoda chake mpaka dada yake alipoahidi kunyamaza. Mume wangu alisikia ugomvi ule kutoka bandani kwake akaja mbio na randa mkononi. Nilimweleza ni habari ya mwuaji wa sura ya saba. Alisimama pale, akawatazama mama yake na mama yake mdogo, akarudi kazini akitikisa kichwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha wakaondoka wote wawili kwenda Magu, mama mkwe kwa ajili ya shamba lake na mama mdogo kwa ajili ya kuona kaburi la shemeji yake. Niliwasindikiza kituoni. Mama mkwe hakuniaga kwa maneno mengi. Aliniambia tu nisisome peke yangu sana, macho yangu nayo si ya chuma.

Tangu waondoke nimesoma vitabu vitano. Nimeona kwamba hamu yangu imebadilika. Upelelezi bado nausoma, lakini sioni tena raha ile ya kuambiwa mwishoni; najikuta nafikiria ng'ombe wa mpelelezi. Sasa nawatafuta wale wauza vitabu wa kwenye magunia na kuwauliza kama wana barua, shajara, kumbukumbu za mtu yeyote, hata asiyejulikana, mradi anasema alichokula na nani alimjibu nini. Wananishangaa. Mwezi uliopita mmoja aliniwekea kitabu cha mkunga wa nchi za baridi, cha Kiingereza, kizima mpaka mwisho. Mama wa duka la vitambaa ameahidi kunitafsiria kimoja cha Kigujarati, kila nikija kununua kaki kurasa mbili, kilichoandikwa na bibi aliyevuka bahari akiwa na miaka kumi na minne.

Kusoma kimyakimya ndiko kulikonishinda kidogo. Wiki iliyopita nilianza kitabu cha mkunga mchana, chumba cha kushonea kikiwa kitupu, na bila kukusudia nikajisikia nasoma kwa sauti, natafsiri Kiingereza kwa Kiswahili, pengine naongeza neno la Kisukuma. Mkunga alikuwa anavuka theluji kwenda kwa mwanamke mwenye uchungu. Niliponyanyua macho, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, amekuja kuchukua futi yake ya kupimia. Hajawahi kusoma kitabu tangu aache shule. Nikachomeka kidole ukurasani. Akavuta kile kigoda cha mama mdogo, akakaa, akauliza kama yule mwanamke alijifungua salama.

Nikamwambia bado hatujafika.